Baba Krismasi Alipoingia Behewani: Kisa cha Mtoto wa Miaka Mitatu

Mtoto alikuwa na miaka 3 na miezi 2. Anaongea vizuri, anapenda kila chenye magurudumu, ana miezi minne tu tangu aachane na nepi, na kila siku hulala mchana kuanzia saa 7 hadi karibu saa 9. Ni binti wa mdogo wangu, na mimi ni shangazi yake. Kazi yangu ni kufundisha watoto wa chekechea, kwa hiyo usiku ule nilirudi nyumbani na uchungu wa shangazi na maswali ya mwalimu. Wazazi wake wameniruhusu kukisimulia kisa hiki, kwa sharti kwamba nisimtaje jina.

Safari yenyewe ilikuwa ya treni ya Krismasi. Kichwa cha mvuke kinavuta mabehewa matano kwenye reli ya kale, jioni, kwenda na kurudi kwa saa moja na robo. Taa zimetandazwa kila dirisha, nyimbo zinapigwa, mkaguzi anapita kutoboa tiketi, na treni inapogeuza Baba Krismasi anapita behewa kwa behewa akigawa zawadi. Mtoto alikuwa akicheka kwa sauti saa 11:45. Ilipofika saa 12:25 alikuwa amejichimbia ndani ya koti la baba yake, suruali imelowa, sauti imekauka kwa kulia. Nataka kuzipitia hizo dakika 40 polepole, kwa sababu nyumbani tulizimaliza kwa neno moja, "aliogopa", na neno hilo halitoshi.

Siku yenyewe

Tiketi zilikatwa wiki sita kabla. Mdogo wangu na wifi wakaamua kumshtukiza: hakuna kumtajia treni, hakuna kumwonyesha picha. Asubuhi aliambiwa tunakwenda matembezini, basi. Tuliondoka saa 7 kamili, yaani saa yake ya kulala, na usingizi wake wa mchana ukawa dakika 20 garini. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016, kinataja saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, na usingizi wa mchana umo ndani ya hesabu hiyo. Sisi tuliukata kwa kisu kisha tukamtaka awe mchangamfu hadi usiku. Tulifika stesheni saa 10:30, treni ikiwa ya saa 11:30, na ile saa nzima tuliimaliza tumesimama kwenye foleni.

Jambo la kwanza gumu lilitokea pale pale jukwaani, na lilitatuliwa vizuri. Kichwa kilikuwa kinasogea kuja kuunganishwa na mabehewa. Mvuke ukipoa ndani ya silinda hugeuka maji, na maji hayabanwi kama mvuke. Yakiachwa humo yanaweza kuivunja silinda. Ndiyo maana dereva anapoanza kuondoka hufungua vali ndogo za chini ili yatoke, na hutoka pamoja na mvuke kwa mzomeo mkali na wingu jeupe linalotambaa karibu na magurudumu. Kwa mtu mzima ni kelele ya miguuni. Kwa mtoto ni kelele iliyo karibu na masikio yake. Binti yetu alimrukia baba yake na kumkaba shingo.

Mdogo wangu hakusema "usiogope". Alimbeba, akarudi nyuma hatua kama 30 hadi usawa wa behewa la mwisho, wakageuka kutazama.

"Inapumua?" mtoto akauliza.

"Ndiyo, inapumua."

"Imechoka?"

"Hapana. Inajiandaa kukimbia. Sasa hivi itapiga honi, halafu itanyamaza."

Honi ikapigwa. Mtoto akaziba masikio, akasubiri, honi ikanyamaza. Akamtazama baba yake kama mtu aliyeshuhudia ahadi ikitimizwa, akaomba ashushwe chini.

Ndani ya behewa viti vilikuwa vinne vinne vyenye meza katikati. Mtoto alikaa upande wa njia ya katikati. Mimi ndiye niliyependekeza hivyo, ili Baba Krismasi akija picha itoke vizuri. Naomba msomaji akishike kiti hicho, tutakirudia.

Baada ya dakika kumi alipita mkaguzi wa tiketi, mama wa makamo aliyevaa kofia na koti lenye vifungo vya shaba. Alipofika kwetu alipiga goti hadi macho yake yakawa chini kidogo ya macho ya mtoto. Hakumuuliza jina. Alimwonyesha ile koleo ya kutobolea tiketi, akaifungua na kuifunga hewani mara mbili, ka, ka, kisha akasema, "Hii ngumu, nisaidie kubana." Mikono miwili midogo ikashika koleo pamoja na mkono wake mmoja mkubwa, wakabana. Kipande cha karatasi, kidogo kama punje ya dengu, kikaanguka mezani. Mtoto akakiokota, akakifumbata, akacheka kicheko kile ninachosema kilikuwa cha saa 11:45. Akataka zitobolewe tiketi zetu zote, na yule mama akasubiri zote zitobolewe.

Kisha giza likaingia, treni ikafika mwisho wa reli, kichwa kikazungushwa upande wa pili, tukaanza kurudi. Nyimbo ziliongezwa sauti. Walipita wasaidizi wa Baba Krismasi wenye kofia za kijani wakipiga makofi na kuimbisha watu. Mtoto alikuwa tayari ameacha kuimba na anasugua jicho. Mlango wa behewa ukafunguliwa kwa kishindo, kengele ikalia, na mwanamume mrefu mwenye ndevu nyeupe akaingia akiunguruma kwa furaha.

Abiria walishangilia, na simu zikainuliwa kila upande. Wifi alisimama, simu mbele ya uso, anarekodi. Baba Krismasi akainama juu ya mtoto: "Umekuwa mtoto mzuri mwaka huu?"

Mtoto akamtazama mama yake. Akageukia dirishani. Hapo ndipo alipopiga ukelele.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini ukelele ulitoka alipogeuka kukimbia na si alipomwona yule mtu. Nilielewa niliposafiri mwenyewe kwa treni usiku, wiki kadhaa baadaye. Behewa likiwa na taa na nje kuna giza, kioo hakionyeshi nje. Kinakuwa kioo cha kujitazamia. Mtoto aligeuka kutafuta miti na nyumba alizokuwa akizihesabu wakati wa kwenda, akakutana na uso ule ule wenye ndevu ukimtazama kutoka upande wa pili. Mbele yuko, nyuma yuko. Mgongo wa kiti unamzuia huku, meza inamzuia kule, na mwenye ndevu amesimama kwenye njia ya kutokea, karibu kabisa na kile kiti nilichomchagulia.

Alimpanda baba yake kifuani kama mtu anayepanda mnazi. Abiria wa nyuma yetu alikuwa anasema, "Mpe mkono, mpe mkono mtoto." Wifi alikuwa anasema, "Ni Baba Krismasi, mama, si unampenda?" Mimi nilikuwa natabasamu kwa aibu. Katika watu wazima wote tuliokuwa pale, aliyefanya jambo sahihi ni Baba Krismasi mwenyewe: alirudi nyuma hatua mbili, akaweka zawadi mezani bila neno, akaenda zake.

Mmoja alikubaliwa, mwingine akakataliwa

Mzee mmoja alituambia tulipokuwa tunashuka kwamba mtoto tunamdekeza, apelekwe kwa Baba Krismasi mara nyingi hadi azoee. Nilimheshimu kwa umri wake, lakini sikubaliani naye hata kidogo. Mtoto huyu si mwoga. Ndani ya behewa lile lile, jioni ile ile, alikutana na wageni wawili waliovaa mavazi yasiyo ya kawaida, mmoja akampenda, mwingine akamtoa roho. Tofauti iko katika namna walivyomfikia.

Mkaguzi alishuka, Baba Krismasi aliinama kutoka juu. Wa kwanza alikuja na chombo na kazi ya mikono, akaisubiri ikamilike. Wa pili alikuja na swali, tena swali la hukumu. "Mwaka huu" kwa mtoto wa miaka mitatu ni kitu gani? Na akijibu vibaya? Tena uso wa mkaguzi ulikuwa wazi wote, mdomo, nyusi, mashavu. Uso wa Baba Krismasi umefunikwa ndevu hadi puani na kofia hadi kwenye nyusi, yaani zile sehemu ambazo mtoto husoma kama mtu huyu anacheka au amekasirika zimefichwa zote.

Simlaumu yule bwana. Fanya hesabu: mabehewa matano, watoto wapatao 60, dakika 35 za kurudi. Ni sekunde 35 kwa kila mtoto. Urefu wa reli ndio unaopanga muda wake, na mtoto anayehitaji dakika tatu za kuangalia kwa mbali kwanza hawezi kuzipata.

Kuna waliotuambia, "Mngemwambia ni mtu tu amevaa nguo." Kwa umri huo maneno hayo yanabeba kidogo sana. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani Rheta DeVries alichapisha utafiti wake uliofanywa kwa msaada wa paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walimwona kwanza alivyo, wakajua ni paka. Kisha kichwa chake kikafichwa kwa muda, nyuma yake ikiendelea kuonekana, akavishwa kinyago cha mbwa mkali. Watoto wengi wa miaka mitatu walimchukua kuwa amegeuka mbwa kweli. Wa miaka sita wengi walijua ni paka yule yule. Mtoto wetu alikuwa upande wa wale wa miaka mitatu. Mbele yake hapakuwa na mtu aliyevaa ndevu. Palikuwa na kiumbe mwenye ndevu.

Lililoniuma zaidi ni lile la simu. Mtoto alipoulizwa swali alimtazama mama yake kwanza, kama watoto wote wanavyofanya wakikutana na jambo wasilolielewa. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa miezi 12 juu ya meza ya kioo yenye kitu kama shimo la kina kidogo chini yake, mama akiwa upande wa pili. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mtoto huazima jibu kutoka kwenye uso wa mzazi. Binti yetu alienda kuazima jibu hilo kwa mama yake akakuta mgongo wa simu. Alipohamia kwangu akakuta tabasamu la mtu anayeona haya mbele za watu, na watoto wanalisoma hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Nimemwambia wifi haya yote uso kwa uso kabla ya kuyaandika. Alilia kidogo. Kisha akasema jambo ambalo naliona ndilo kiini cha kisa hiki: "Wifi, ile surprise tulijifanyia sisi." Ni kweli. Mtu mzima akishtukizwa kwa jambo jema hufurahi kwa sababu anajua dunia ilivyo, na anajua mshtuko huu una mwisho. Mtoto mdogo kila siku anashtukizwa. Kinachomfurahisha ni kujua kinachokuja kisha kukiona kikija. Ushahidi tulikuwa nao tangu jukwaani, pale baba yake aliposema "itapiga honi, halafu itanyamaza". Sentensi moja ya namna hiyo ilimtuliza mbele ya chuma kinachozoma. Kuhusu mtu mwenye ndevu hatukumpa hata moja.

Na treni ina jambo lake la pekee ambalo ukumbi wowote wenye Baba Krismasi hauna. Ukumbini mtoto ndiye anayemwendea. Akisita katikati unamgeuza, mnatoka nje, mnapunga hewa. Kwenye treni yeye ndiye anayemfuata mtoto kitini, na mlango wa kutokea haupo hadi isimame. Choo pia: behewa letu la kale halikuwa nacho, na tangu tupange foleni zilikuwa zimepita karibu saa mbili. Suruali iliyolowa haikuwa hofu peke yake.

Mambo mengine ya kawaida ya safari hizi nayagusa tu, kwa sababu siku ile hayakutuletea shida. Madirisha ya kushusha ya mabehewa ya zamani si ya kutolea kichwa wala mkono, na chembe za makaa huweza kuingia jichoni. Kati ya jukwaa na behewa huwa kuna pengo linalotosha mguu mdogo. Kichefuchefu cha safari huwapata watoto wengi kuanzia miaka miwili, na gizani ni vigumu zaidi kwa sababu hakuna cha mbali cha kukazia macho.

Usiku ule wifi alipomvua nguo alikuta ngumi ya kulia bado imefumbwa. Alipoifungua, ndani mlikuwa na kile kipande cha karatasi cha tiketi, kimelowa jasho. Kilio chote kile hakukiachia.

Usiku wa pili na wa tatu mtoto aliamka akiuliza, "Atakuja hapa?" Hapo tuliona hadithi ya kwamba Baba Krismasi huingia nyumbani watu wakiwa wamelala inavyosikika kwa mtoto anayemwogopa. Wazazi wake walichukua uamuzi ambao baadhi ya ndugu hawakuupenda. Walimwambia, "Haji. Mlango tunaufunga sisi, na zawadi tunakununulia sisi." Alilala. Naamini walifanya vema, na ningewashauri wengine hivyo hivyo bila kusita.

Mwaka uliofuata

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kupanda tena "treni inayopumua". Alikuwa na miaka 4 na miezi 2. Safari hii wazazi walichagua treni ya saa 4 asubuhi, tukafika dakika 20 kabla, na siku tatu mfululizo tulicheza treni nyumbani kwa viti vitatu vilivyopangwa mstari. Nilimchorea picha tano kwenye karatasi moja: kichwa, honi, koleo ya tiketi, Baba Krismasi, na nyumba yao. Alizipitia kwa kidole hadi karatasi ikachanika mkunjo. Kwenye picha ya nne alikuwa akiruka, naye hatukumlazimisha.

Wifi alipiga simu kwa waendeshaji. Reli nyingi za aina hii huendeshwa na watu wa kujitolea, jambo lililoanzia Talyllyn huko Wales mwaka 1951, reli ya kwanza duniani kuokolewa na wapenzi wake wasiolipwa. Msimu wa Krismasi huzisaidia sana kulipia makaa na matengenezo. Mtu wa kujitolea ukimweleza hali ya mtoto husikiliza, maana yuko pale kwa kupenda. Tulikubaliana: Baba Krismasi asimame viti viwili mbali, apunge mkono, aendelee. Mtoto tulimweka dirishani, mimi upande wa njia. Tukamwambia akitaka mtu asisogee, anishike sikio.

Hakulia. Wala hakumkimbilia Baba Krismasi kama kwenye matangazo. Alinishika sikio mapema sana, mlango ulipofunguka tu, akalishika hadi alipopita, na akapunga mkono kutoka nyuma ya bega langu. Zawadi alitaka niipokee mimi. Siwezi kudai kwamba ni maandalizi peke yake yaliyofanya kazi. Mtoto alikuwa amekua mwaka mzima, na mwaka mmoja katika umri huo ni mwingi. Lakini simu ya mama yake siku hiyo ilikaa mfukoni, na mara zote alipogeuza kichwa kumtafuta, aliukuta uso wake.

Tuliposhuka alitaka turudi kwenye kichwa. Alisimama mbali, pale pale usawa wa behewa la mwisho, ameziba masikio mapema. Karibu yake kulikuwa na mtoto mwingine, mdogo kuliko yeye, ambaye midomo ilikuwa imeanza kumtetemeka. Binti yetu akatoa mkono mmoja sikioni, akamgusa begani.

"Sasa hivi itapiga honi," akamwambia. "Halafu itanyamaza."